Vyuma vya Juu Kabisa

Jumatatu, 4/8

Radio yetu iko Shari, hapa Bunia, ndani ya uwanja wa kanisa, na mnara wake ni mrefu kuliko kitu chochote cha mtaa huu. Leo tumeukagua, mimi na Parrain, kabla mvua kubwa hazijashika. Mnara hausimami kwa nguvu zake wenyewe. Umefungwa kwa waya nene zinazoshuka pande tatu mpaka ardhini, nyingine kutoka katikati, nyingine kutoka juu kabisa, na kila waya umeshikwa na manille: chuma kilichopindwa kama herufi U, chenye pini ya kufunga mdomo wake. Kutu ikila pini, waya unaachia. Waya ukiachia, mnara unakuja chini.

Na ukija chini utaangukia kwa Bénédicte. Alikimbia vita kijijini Fataki na watoto wake, mchungaji akampa kipande cha uwanja, na kipande chenyewe ndicho hicho kilichobaki chini ya mnara. Nyumba yake ni miti na turubai. Mwaka jana aliniuliza kama anaweza kulala hapo na watoto. Nikamwambia alale bila wasiwasi, waya ninaziangalia mimi.

Parrain ni Hippolyte, fundi mwenzangu. Namwita hivyo kwa sababu ndiye aliyemsimamia binti yangu Glodie kwenye ubatizo. Nilipofika hapa kutoka Butembo, mafundi wengine walicheka waliposikia mwanamke anataka kupanda mnara. Yeye alinifunga mkanda kiunoni akasema, "Panda, mi niko chini."

Tumekuta kutu kila mahali, na mbaya zaidi ni upande wa kaskazini, ambako Bénédicte anafunga mbuzi wake kwenye nguzo ya waya. Mkojo wa mbuzi unakula chuma kuliko mvua.

"Mama Bénédicte," Parrain akamwita, "mbuzi yako inakojoleaka radio yetu!"

"Haina choo, Papa. Nayo iko déplacé, ilikimbia vita kama siye."

Tulicheka mpaka directrice wa radio, Martine, akafungua dirisha kuuliza kuna nini.

Jumamosi, 9/8

Martine amekubali. Manille zote zitabadilishwa, za katikati na za juu. Zitatoka Kampala, hapa Bunia hazipatikani.

Jumatano, 13/8

Mvua. Umeme hakuna.

Alhamisi, 21/8

Manille zimefika! Nzito, nyeupe, zinang'aa. Nimezitandaza mezani na kutia kila moja nukta ya rangi ya kucha, ile ya zambarau ya Glodie. Ndivyo ninavyofanya na kila chuma kipya, ili kisichanganyike na cha zamani kikiwa ndani ya gunia. Glodie amenuna, chupa yake imebaki nusu. Parrain amemwahidi nyingine.

Jumatano, 27/8

Siku ya kazi, na tumegombana.

Sisi wawili tuna desturi yetu. Anayepanda anavua pete ya ndoa na kutoa simu. Pete inaweza kunasa kwenye chuma ikaondoka na kidole, na simu ikilia huko juu inashtua. Hatuziweki mezani wala mfukoni. Anayebaki chini ndiye anayezipokea, simu anaitia kifuani, pete anaivaa kidole gumba, halafu anashika kamba. Ukitazama chini unaona pete yako iko wapi, na roho inatulia. Didier, mume wangu, anayefundisha shule huko Aveba, anasema sisi tumefunga ndoa ya pili. Anatania, lakini hakosei sana.

Tulikuwa tumepanga hivi: katikati apande yeye, juu kabisa nipande mimi. Asubuhi akabadilisha.

"Yote nitapanda mi."

"Sababu gani? Juu kabisa iko yangu. Tulipatana."

"Mama Glodie, chuma imeteleza na mvua. Bakia chini."

"Uliona lini mi nateleza?"

Alivua pete akaninyooshea, na mimi nikaipokea kwa hasira. Miaka yote hii nilidhani yeye peke yake hanihesabu kwanza kama mwanamke. Nilishika kamba kutwa, shingo ikauma. Jioni akashuka na gunia la manille za zamani, zile za katikati. Za juu, alisema, amezitupa kwenye shimo la choo watoto wasije wakachezea. Nikatazama juu. Kule kileleni vyuma vilimeta vizuri kwenye jua la jioni. Nikamrudishia pete yake bila kusema asante.

Alhamisi, 28/8

Nimemwomba msamaha. Akasema, "Mi sina mwingine wa kunishikia kamba. Ukianguka weye, mi nitapanda na nani?" Nimeona aibu kwa yale niliyoandika jana. Mtu anakuhurumia, wewe unamwona anakudharau.

Jumanne, 2/9

Mvua tangu asubuhi. Mbuzi wa Bénédicte ameingia studio wakati wa habari, na wasikilizaji wamepiga simu kumsalimia.

Alhamisi, 11/9

Upepo mkali jana. Leo Bénédicte amenifuata kisimani.

"Mama Glodie, pilone inaliaka."

"Mnara? Unalia namna gani?"

"Kule juu. Kii, kii. Kama mulango ya zamani."

Nikamwambia ni chuma kipya, kinazoea mahali pake. Alinitazama kidogo, akasema sawa, akabeba ndoo yake.

Nilimwambia Parrain pia. "Iko vile," akasema. "Itanyamaza."

Ijumaa, 19/9

Taa ya kileleni imezimika. Nilikuwa nimeshavaa mkanda, Parrain akanivua kama mtoto. Amepanda yeye. Nimecheka tu, nimeshamzoea.

Jumanne, 30/9

Mvua za usiku sasa haziachi. Nimegundua kwamba kila upepo ukianza, Bénédicte na watoto wanahamia kanisani na mikeka yao. Parrain ndiye aliyemshauri, akaenda kumwombea ufunguo kwa mchungaji. "Alisema turubai haifae na hii mvua, batoto watapata homa," Bénédicte ameniambia. "Ule baba iko na roho."

Ni kweli. Nimekaa nikiwaza ni watu wangapi wana bahati ya kufanya kazi na mtu wa namna hii.

Jumatatu, 6/10

Mvua.

Jumanne, 14/10

Nimerudi, na bado sijamweleza mtu.

Martine alinituma Kasenyi, ziwani, kutengeneza kipaza sauti cha kundi la wasikilizaji wetu. Nikamaliza mapema, nikateremka ufukweni kununua samaki kabla ya kurudi. Mafuta ya mota yamekuwa shida, na wavuvi wengine wamerudia tanga. Kulikuwa na mashua moja nzuri, mlingoti wake wa mti wa mkaratusi, tanga limeshonwa kwa maturubai. Mkono wa fundi hauna adabu, unaenda wenyewe kwenye chuma. Mlingoti ulikuwa umeshikwa kwa waya pande zote, na waya zimefungwa kwa manille mpya kabisa. Nikainama kuzitazama.

Kila moja ilikuwa na nukta ya zambarau.

Nilisimama pale maji yakiingia viatuni. Kwanza nilijiambia kwamba rangi za kucha ziko nyingi duniani. Halafu nikaikwangua moja, nikajua ni ile ya Glodie, yenye chembe zinazometa.

Mwenye mashua akaja akitabasamu, mwanaume mwembamba mwenye kofia ya sufu.

"Ile chuma ulipata wapi?" nikamwuliza.

"Iyi? Ni shemeji yangu wa Bunia njo alinipatia. Fundi wa radio. Hippolyte."

"Hippolyte."

"Unamujua?"

"Minafanyaka naye kazi."

Uso wake ukafunguka. "Basi weye njo Mama Glodie! Karibu, mama, karibu! Mi ni Ephraïm, niliowa dada yake. Alituambia, 'Mama Glodie alikubali, zilibakia.' Siye tunakuombeaka kila jioni." Akageuka akapaza sauti. "Muke wangu, kuya! Kuya uone Mama Glodie wa manille!"

Yule mke ni Hippolyte mtupu, macho yale yale. Alinishika mikono yote miwili. Akanieleza jinsi walivyokimbia Fataki, shamba likabaki, ng'ombe wakabaki, mwaka mzima wakila kwa mikono ya watu, na jinsi mlingoti wa kwanza ulivyovunjika kwa sababu kamba zilikatika, Ephraïm akashinda kutwa ndani ya maji ameshikilia ubao. Sasa wanakula. Alinifungia samaki kwenye majani, nikashindwa kukataa. Ningesema nini? Kwamba sikukubali? Watoto wao walikuwa wamesimama wakinitazama kama mgeni wa sikukuu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nyuma ya pikipiki na samaki mapajani. Kama za juu ziko ziwani, basi kule kileleni kuna nini? Nilijua jibu. Kuna zile za zamani, zilizopakwa rangi ya fedha ili zimete. Nami nimezitazama karibu miezi miwili nikifurahi.

Jumatano, 15/10

Nimefika uwanjani mapema nikavaa mkanda. Akanikuta.

"Unaenda wapi?"

"Juu kabisa. Naenda kutazama manille."

"Ile mi nilishamaliza, Mama Glodie."

Nikavua pete nikamnyooshea. Hakuipokea. Ni mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Usipande."

"Sababu gani?"

"Usipande. Nakuomba."

"Mi natoka Kasenyi," nikasema. "Nimepewa samaki na Ephraïm."

Aliketi juu ya jiwe la kufungia waya, pale pale pa mbuzi. Akaanza kusema akitazama chini.

"Sikuuzisha ata moja. Batoto ya dada yangu balikuwa banalala na njaa. Na ziwa ile ya Kasenyi haiogopi mutu. Nikasema, pilone imeshasimama myaka yote na ile chuma. Itasimama tena mwaka moja."

"Na kama ingeanguka?"

"Njo maana nilituma Mama Bénédicte kanisani."

"Na miye?"

"Weye nilikukataza kupanda."

Hapo ndipo yote yalipogeuka mbele ya macho yangu. Ufunguo wa kanisa. Mkanda alionivua kama mtoto. "Ukianguka weye, mi nitapanda na nani?" Nilikuwa nimeyaweka haya moyoni kama zawadi, kumbe alikuwa anazunguka uongo wake akiuziba matundu. Alipanda juu ya vyuma vibovu mwenyewe, ndiyo, mara mbili, na mimi nilikuwa nimeshika kamba yake nikimwamini. Angeanguka mikononi mwangu, na maisha yangu yote ningedhani nilikosea mimi.

"Ulisema nilikubali," nikamwambia. "Ungewapa na kunyamaza. Ungesema uliokota. Lakini ulichukua jina yangu ukaenda nayo Kasenyi. Batu banaombea mutu mwenye hakufanya kitu."

"Kama ningekuomba, ungekubali?"

"Hapana."

"Njo maana sikukuomba."

Amesema hivyo kwa upole, kama mtu anayenieleza hesabu rahisi. Nadhani nitamsamehe vyote kabla ya neno hilo.

Kisha nikaenda kwa Bénédicte, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia vyuma vya juu havikubadilishwa, mnara unaweza kuanguka, ahamie kanisani moja kwa moja, mchana na usiku. Hakuinua macho.

"Weye ulisema ni chuma mupya, inazoea."

"Ndiyo, mama."

"Na mi nililala."

Akaendelea na sombe. Nilisimama pale mpaka nikaona ninamzibia mwanga.

Alhamisi, 16/10

Nimemweleza Martine. Amelia, halafu ametukana, halafu ameuliza kama Hippolyte aondoke leo au mwisho wa mwezi. Nimesema sijui. Mnara haushushwi bila watu wanaojua, na wanaojua ni wawili. Amepiga simu kutafuta manille nyingine, jibu ni kusubiri. Kuzidai zile za Ephraïm nimeshindwa.

Watoto wa Bénédicte nimewabebea mikeka mimi mwenyewe. Turubai limebaki tupu, na mbuzi nimemfunga mbali.

Jumapili, 19/10

Glodie ameuliza mbona Parrain hakuja kula kwetu. Nimesema ana kazi.

Jumatano, 22/10

Mvua ya mawe. Ilianza alasiri, mbingu nyeusi upande wa ziwa, halafu upepo ukaja kwa pamoja kama umefunguliwa mlango. Tulikuwa wote kanisani. Ile kii, kii aliyoisema Bénédicte niliisikia kwa masikio yangu, na kila iliposikika alinitazama. Kisha ukaja mlio mmoja mfupi.

Waya wa juu wa kaskazini umeachia. Umeshuka ukipiga hewa na kupita katikati ya turubai la Bénédicte, ukalipasua toka mlango mpaka nyuma, ukavunja kitanda cha miti ambacho watoto walikuwa wakilala. Sufuria yake imekatwa vipande viwili. Mnara umeinama kule juu kama mtu aliyegeuza shingo, lakini waya za katikati zimeushika. Za katikati ni mpya. Hizo hakudanganya.

Bénédicte alitoka mvua ikiendelea, akaokota nusu ya sufuria, akaitazama. Hakulia. Hippolyte alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, ameshika kichwa. Nilipita mbele yake.

Alhamisi, 23/10

Nimefika alfajiri nikamkuta yuko juu. Peke yake, hakuna aliyeshika kamba. Alikuwa anafunga kamba nene mahali pa waya ulioachia, ili mnara usiendelee kuinama. Pete yake na simu yake alikuwa ameziweka kwenye ngazi ya kanisa, mahali ambapo sharti nipite.

Niliziona. Sikuzigusa. Nilisimama mbali nikiomba asianguke na nikimchukia, yote mawili kwa moyo ule ule. Aliposhuka aliziokota mwenyewe.

Jumanne, 28/10

Ephraïm amekuja kutoka Kasenyi na gunia begani. Habari za radio zilimfikia jinsi habari zinavyofika. Alilimimina gunia mbele yangu kwenye saruji, manille zote, nukta za zambarau bado ziko.

"Mi sikujua, mama. Mungu anajua sikujua."

"Najua, Papa. Na mashua?"

"Tutapiga kasia. Karibu na ukingo tu." Akatazama kule ambako turubai la Bénédicte lilikuwa. Yeye na Bénédicte wanatoka kilima kimoja, kumbe. Wakasalimiana kwa lugha yao kwa muda mrefu, na Ephraïm akaondoka bila kumtafuta shemeji yake. Nimemkimbilia barabarani kumwambia asubiri chai. Amekataa kwa heshima.

Alhamisi, 6/11

Jua tangu asubuhi, chuma kimekauka. Ilikuwa siku ya kupanda.

Martine alitaka Hippolyte asikanyage uwanja. Nilimwambia aje leo, na baada ya leo wataelewana wao. Hakuna mwingine anayejua kushika kamba yangu. Nimesema vilevile kwamba kupanda nitapanda mimi, katikati na juu, kwa kuwa sasa naamini macho yangu tu.

Amekuja kwa wakati. Alikagua mkanda wangu, akavuta fundo mara mbili kama alivyonifundisha. Tulikuwa wengi uwanjani, mchungaji, Martine, Bénédicte na watoto wake, hata majirani kwenye ukuta. Nikatoa simu. Nikavua pete.

Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa. Sidhani alifikiri, mkono ulijiendea wenyewe, kiganja wazi, kidole gumba kimeinuka kidogo kusubiri. Nilikitazama kiganja kile. Kina kovu la waya la mwaka tulioanza.

Nikampita, nikampa Bénédicte.

"Mi?" akasema. "Mi sijue kazi ya pilone."

"Shika tu, mama. Mpaka nishuke."

Pete haikuingia kidole gumba, vidole vyake ni vinene kwa kulima na kufua. Akaifumba ndani ya ngumi na kuibana kifuani, pamoja na simu. Hippolyte alibaki na mkono wake hewani kidogo, halafu akaushusha na kushika kamba.

Nimepanda. Za katikati zote zina nukta. Juu kabisa nimetoa vile vya zamani kimoja kimoja, rangi ya fedha juu, unga mwekundu ndani. Pini moja ilivunjika kwa vidole vyangu. Nimefunga za Ephraïm na kukaza kila moja mpaka mkono ukafa ganzi. Kutoka kule naliona eneo lote la Shari, na siku ya mwanga kama leo, mbali sana, ninaona mahali ambapo nchi inashuka kuelekea ziwa.

Kamba aliishika vizuri. Hakulegeza, hakuvuta, alinipa kila hatua kabla sijaiomba, kama siku zote. Hilo ndilo lililonitoa machozi, na kule juu hakuna mkono wa kuyafutia. Nikatazama chini kutafuta pete yangu, kwa mazoea. Kidole gumba chake kilikuwa kitupu. Bénédicte alikuwa amesimama kando ya turubai lake jipya, ngumi kifuani, ananitazama mimi tu bila kupepesa.